Jembe Lililorudi Muyama

Muyama, Buhigwe
Jumanne, maharage yakiwa motoni

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba Edina akusomee barua hii polepole wala asiruke mahali. Namjua mdogo wangu, akichoka husoma mwanzo na mwisho, halafu anasema ya katikati ni salamu tu. Safari hii ya katikati si salamu. Miguu yako inaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma unaitumia, au umeiweka kabatini kusubiri wageni? Na baba, kile kikohozi kimemwacha? Michungwa je, imezaa mwaka huu, au ndiyo hivyo tena mmeuza machungwa yakiwa bado juu ya mti?

Mimi ni mzima wa mwili. Wa akili utajiamulia ukimaliza kusomewa.

Najua mnaniangalia njiani. Nilisema shule zikifungwa tu napanda basi nije Muheza nipumzike. Shule zimefungwa, na mimi Muheza sipo, wala Kasulu kwenye nyumba yangu sipo. Nipo huku Muyama kwa wakwe, nimekaa kwenye kigoda jikoni, karatasi iko gotini na moshi unaniingia machoni. Kwenye simu nilijaribu kukueleza, ukasikia kwamba baba mkwe na mama mkwe wameachana, ukaanza kulia, na mtandao ukakatika. Ndiyo maana naandika. Ni kweli waliachana, mama, ila si kwa ugomvi. Waliachanishwa na mapambo.

Tuanze na Yuditha, yule wifi yangu kitinda mimba, uliyemwona kwenye harusi yangu akilala chini ya meza ya keki. Amekua, anaolewa na kijana wa Kibondo. Sendofu ilipangwa ifanyike Kasulu ukumbini, na ndoa yenyewe Kibondo kanisani wiki moja baadaye. Kamati ikaundwa, na mimi kwa kuwa ni mke wa mtoto wao mkubwa, tena mwalimu, na watu huamini mwalimu hana kazi, nikakabidhiwa mapambo. Nikasema hewala. Nilidhani ni vitambaa vya kung'aa na maua ya plastiki kama wanavyofanya wenzake.

Kumbe Yuditha ameona kwenye simu harusi ya watu wa Dar iliyopambwa kwa vitu vya zamani. Taa za chemli mezani, masanduku ya bati mlangoni, baiskeli ya kizee imeegeshwa pembeni na kikapu cha maua. Akasema na yeye anataka hivyo hivyo. Tukamtafuta mpambaji, msichana mmoja wa Kasulu anaitwa Happi, anayevaa miwani ya jua hata akiwa ndani ya ukumbi. Happi akasema, "Dada Agnesi, hiyo ndiyo inayotamba sasa. Ninyi nileteeni vitu, mimi nitavipa maisha." Nikazunguka, mama. Jua langu, mvua yangu, bodaboda yangu. Mzee mmoja mwenye duka la vitenge, asili yake Bagamoyo, alitupa redio ya mbao ya marehemu baba yake na akatuapisha tusiguse vitufe. Bibi mmoja wa hapa Muyama tulimwomba taa yake ya chemli, akatushangaa. Aliniuliza, "Vitu tunavyovificha wageni wakija, ninyi ndivyo mnavyopeleka ukumbini?" Lakini akatoa. Tena kwa heshima yetu akaisugua kwa majivu mpaka ikameta. Happi alipoiona akasikitika, akasema imeharibika, kutu yote imetoka.

Na ile pasi ya mkaa ya bibi uliyoituma kwa basi, ilifika salama. Nikikuambia walichoifanyia utanikasirikia, lakini afadhali usikie kwangu: waliifungua pale panapokaa mkaa, wakapanda maua humo. Maua, mama, kwenye pasi iliyonyoosha sare zetu zote.

Sasa hayo yote ningeyameza. Shida ilianza Yuditha alipokumbuka jembe.

Ni hivi. Baba mkwe alipomwoa mama mkwe, mahari ilikuwa ng'ombe, mbuzi na majembe, kama walivyokuwa wakioana Waha wa zamani. Majembe mengine yalitumika huko ukweni kuolea kaka zake, lakini moja lilibaki kwa kaka yake mkubwa, yule mjomba wa Munanila, kule karibu na mpaka wa Burundi. Halijawahi kulima hata tuta moja. Lilichomekwa kwenye paa la jikoni, likakaa na moshi miaka yote, pana, jeusi, la kufuliwa na wahunzi wa huku. Yuditha aliliona utotoni. Aliposimulia tu, Happi akavua miwani kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Hilo ndilo," akasema. "Tunalitundika nyuma ya kiti cha bi harusi, tunalizungushia maua meupe. Watu wa Kibondo watazimia."

Mimi, mama, ni mtu wa Muheza. Kwetu jembe ni jembe, na wimbo wake tunaujua ni ule wa mgeni siku ya tatu. Nilijuaje? Wenye kujua walikuwa wazee, na wazee hatukuwauliza kwa sababu Yuditha alitaka kumshangaza mama yake. Mume wangu Fili naye nilimuuliza kama kuna ubaya, akasema hakuna. Huyo amesoma shule za bweni tangu mdogo. Mila za kwao anazijua kama mimi ninavyolijua jeshi la wanamaji.

Tukampigia simu Zabroni, mtoto wa mjomba. Akasema baba yake hana neno. Na hapa, mama, ndipo malezi yako yaliponiponza. Zabroni alitaka kulirusha tu nyuma ya pikapu ya Happi pamoja na mabirika na vyungu vingine. Mimi nikakataa. Nikamwambia, "Hapana shemeji, hicho ni kitu cha heshima. Kilete mwenyewe mpaka nyumbani Muyama, kivishe kitambaa, mkabidhi baba mkononi mbele ya wazee." Si wewe uliyenifundisha kwamba kitu cha mtu hakikabidhiwi kama mzigo wa kuni? Basi mwanao alikumbuka mafunzo.

Alhamisi wazee wa ukoo walikuwa wamekaa hapa uwanjani kupanga nani atasema nini kwenye sendofu. Zabroni akaingia na pikipiki. Akashuka, akavua kofia, akalifungua lile jembe kwenye kitenge, akamwendea baba mkwe akapiga goti. "Baba amesema nikukabidhi hili." Baba mkwe akalipokea kwa mikono miwili kabla hajaliangalia. Alipoliangalia, uso ukamwisha damu. Wazee wakatazamana. Kisha mmoja akasema taratibu, "Mmeona wenyewe." Mwingine akajibu, "Tumeona."

Nami nimesimama pale na sinia la chai nikitabasamu, nikifikiri shughuli imependeza.

Usilolijua ni usiku wa giza. Fili ndiye aliyenieleza baadaye, baada ya yeye mwenyewe kuelezwa. Jembe la mahari likiondoka kwa ndugu wa mke, likaletwa na mtoto wa kiume wa ukoo huo, likawekwa mkononi mwa mume mbele ya mashahidi, maana yake ni moja tu: mahari imerudi, na ndoa imekwisha. Hawahitaji hakimu wala padri. Kama Zabroni angelitupa kwenye pikapu na mabirika, lingekuwa chuma tu. Ni mimi niliyelipa heshima zote zilizokuwa zimepungua.

Baba mkwe akamuuliza Zabroni, sauti inamkwaruza, "Kosa langu ni nini?"

"Hakuna kosa, baba. Ni la mapambo."

"Mapambo gani?"

Zabroni akanitazama mimi. Wazee nao wakanitazama mimi. Wakati huohuo mama mkwe akatokea nyuma ya nyumba na ungo wa unga wa muhogo. Aliliona jembe akalijua papo hapo, maana alikuwa akiliona juu ya kichwa chake kila akienda kuwasalimia kwao. Akaweka ungo chini. "Kaka yangu amenirudisha?" akauliza. Akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa nguo za kanisani, na furushi mkononi.

Nilidhani anatania. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, "Mama, nisamehe, ni mapambo tu." Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliniuliza, "Agnesi, mahari yako wewe iko wapi?" Nikasema iko kwa baba, Muheza. "Siku ikirudi hapa uwanjani mbele ya watu, utakubali kuambiwa ni mapambo?" Akapanda nyuma ya pikipiki ya Zabroni, akakaa upande, akaondoka kwenda Munanila. Hakugeuka nyuma.

Sendofu ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi mchana. Kwa watu hawa binti hatolewi kwenye nyumba isiyo na mke. Mama ndiye anayemshika mkono na kumpa neno la mwisho. Na Waha wana masikio, mama. Kabla jua halijazama mjomba wa bwana harusi alishapiga simu kutoka Kibondo kuuliza kama ni kweli mama wa bi harusi amerudishwa kwao, na kama ni kweli, basi wao wanaomba tuahirishe mpaka wajue wanaoa kwa nani. Yuditha akajifungia chumbani analia. Happi akanipigia kuuliza maua meupe yawe ya aina gani. Nilikata simu, mama. Nilikata bila kuaga.

Na baba mkwe? Alikaza shingo. "Sikumfukuza," akasema. "Aliondoka kwa miguu yake, atarudi kwa miguu yake. Njaa itamrudisha." Unajua huku mkwe hasemezani na baba mkwe mambo kama hayo uso kwa uso. Kwa hiyo mimi nasimama mlangoni, yeye amekaa barazani ananisikia vizuri kabisa, lakini namwambia Fili, "Mwambie baba, njaa itamrudisha nani, wakati unga alioacha kwenye ungo kuku wameshaula?" Fili anarudia. Baba anamjibu Fili. Fili ananigeukia. Nusu ya siku tumekwenda hivyo, kama watu wa mpakani wanaotafuta mkalimani.

Asubuhi ya Ijumaa nilimkuta anaosha kikombe chake mwenyewe, anakiosha kwa nje tu. Jembe lilikuwa limelazwa kwenye kiti cha mama mkwe. Akamwambia Fili, lakini nadhani aliniambia na mimi, "Nimekaa naye mpaka ninyi mmezeeka. Sijawahi hata siku moja kufikiri kwamba anaweza kuondoka. Naogopa, mwanangu. Hakugeuka nyuma." Mama, hasira zangu zote kwake ziliisha pale pale. Nikamwambia Fili amwambie avae koti.

Tukaenda. Baba mkwe, wazee wawili, madumu ya pombe ya ndizi, Fili na mimi. Gari pekee lililopatikana ni pikapu ya Happi, kwa hiyo tulikwenda kuomba radhi tumekaa katikati ya mabirika, na ile baiskeli ya kizee inanichoma mbavuni. Happi njia nzima ananinong'oneza kama ataruhusiwa kulipiga jembe picha moja tu kabla halijarudi juu ya paa.

Munanila kulikuwa na ukungu asubuhi, halafu jua likatoka kali. Mjomba alituacha tumesimama nje ya ua. Nakwambia alikuwa anafurahi yule mzee, ameketi kwenye kiti chake kama jaji. "Mmefuata nini?" Mzee wetu mmoja akaanza maneno yao ya mafumbo, mara ng'ombe aliyepotea, mara nyasi za jirani. Mjomba akamkatiza. "Sijakuuliza wewe. Namuuliza mwenye jembe."

Baba mkwe akasogea. "Nimekuja kumwomba dada yako."

"Mara ya kwanza hukumwomba. Aliomba baba yako."

"Baba hayupo. Sasa naomba mwenyewe."

Mjomba akasema jambo ambalo hata wazee wetu hawakulitegemea. "Basi aulizwe."

Mama mkwe alikuwa amekaa ndani karibu na mlango, tunamwona magoti tu. Aliniambia baadaye kwamba mara ya kwanza, walipokuja kumposa, yeye alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga. Alijua kwamba ameolewa aliposikia shangazi zake wanacheka. Hakuna aliyekuja kumuuliza kitu. Sasa kaka yake akageuka, akamuuliza mbele ya watu wote, "Unamtaka?"

Mimi moyoni nasema, mama, sema ndiyo, ukumbi umekodiwa, Kibondo wanasubiri, mtoto analia. Magoti hayakusogea. Jua linapiga, jasho linamtoka baba mkwe chini ya kofia, jembe amelikumbatia.

"Mwambieni avue kofia nimwone vizuri," akasema mama mkwe kutoka ndani.

Akavua. Akatazamwa mpaka nikaona haya mimi niliyekuja kama mkwe.

"Amezeeka," akasema mama mkwe. Kisha, baada ya kupumua, "Aingie. Jua linamchoma."

Basi mama, wakaoana tena. Jembe likarudi juu ya moshi, pombe ikanywewa, na tukarudi na bi harusi kwenye pikapu, amekaa mbele na Happi, sisi nyuma na mabirika yetu. Ila alitoa sharti. Alisema mara hii anaolewa kwa utaratibu wote, asidhulumiwe kitu. Na katika ukoo wao bi harusi mpya hukaa ndani, hashiki jembe, hashiki mwiko, mpaka siku atakapotolewa nje rasmi. Umeshaona ninakokwenda. Bi harusi akikaa ndani, nani anapika?

Sendofu ilifanyika. Mama mkwe alitolewa siku ile moja kwa ajili ya mtoto wake, amejifunika kitenge kichwani. Happi alikuwa ameshasuka duara lake la maua meupe ya kuzungushia jembe, na jembe halipo, akalitundika hivyo hivyo nyuma ya Yuditha, duara na ukuta mtupu katikati. Watu wa Kibondo wakalipiga picha, wakasema Kasulu kuna mitindo. Halafu Happi akawaendea mama mkwe na baba mkwe, akawawekea viti katikati ya redio, masanduku na pasi ya bibi. "Wazee wangu, kaeni hapa, mtapendeza na vitu vya kale."

Mama mkwe akaitazama ile pasi yenye maua. Akamtazama Happi. "Mwanangu," akamwambia, "mimi sikai na vyombo vya zamani. Mimi nimeolewa jana." Akaenda akakaa kiti cha mbele, karibu na Yuditha, na baba mkwe akamfuata nyuma amebeba mkoba wake.

Ulipofika wakati wa neno la mwisho, alimshika Yuditha mkono. Nilitegemea yale ya siku zote, vumilia, mheshimu mumeo, nyumba ni ya mwanamke. Alisema hivi tu: "Mimi nimeulizwa jana. Wewe usikubali kusubiri hivyo." Kisha akakaa. Ukumbi haukupiga hata makofi. Yuditha alilia, na mimi nililia, na Happi pale nyuma ya miwani yake nadhani alilia.

Sasa ni Jumanne. Mama mkwe yuko ndani amelala kitandani anakula parachichi. Baba mkwe anateka maji mwenyewe, na kila akipita anachungulia dirishani kama kijana. Mimi napikia ukoo mzima ugali wa muhogo na maharage, na mikono imeanza kufanana na ile ya watu wa hotelini. Jana nilimwomba Fili amuulize baba yake haya yataisha lini. Jibu likarudi kwamba bi harusi haharakishwi. Atatolewa Jumamosi tukienda Kibondo kanisani. Nikitoka Kibondo napanda basi nakuja, na nikifika naomba nilale siku mbili mfululizo, nisiitwe na mtu, nisionyeshwe jembe.

Pasi ya bibi nakuja nayo mwenyewe. Nimeyatoa maua na kuisugua kwa majivu. Happi ameniuliza kama kwetu lipo sanduku la mbao la misumari ya shaba, maana ana harusi nyingine mwezi ujao. Nimemwambia kwetu hakuna kitu cha zamani, tulihamia juzi.

Nisalimie mjomba wa shambani, mwambie huku machungwa yetu wangeyagombania. Nisalimie shangazi wa kwaya na jirani yetu mkunga, mama wa vitumbua, na watoto wote wa Edina. Mkubwa mwambie daftari zake ninazo. Fili anawapa shikamoo zake, ananisimamia hapa anauliza kama maharage yameiva, wala hayajaiva. Baba mpe shikamoo ya peke yake.

Edina, hapa shusha sauti kama baba yuko karibu.

Mama, tangu Ijumaa kuna jambo linanizunguka kichwani hata nikikoroga ugali. Nimekaa nawe utoto wangu wote, nimekusikia ukisimulia ng'ombe wangapi walikuja na nani alivaa nini, na sijawahi kukuuliza hili. Baba alipokuja kukuoa, wewe uliulizwa? Usimpe Edina jibu aliandike. Nakuja unijibu mwenyewe.

Mwanao, mpishi wa maharusi,
Agnesi